Al-Razi: tabibu aliyeifanya hospitali kuwa madrasa

 

Ndugu Waislamu, tangu tulipokuwa vyuoni tumefundishwa kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake, na kwamba mji ukiingiwa na tauni, aliye nje asiuingie na aliye ndani asitoke kuikimbia. Mafundisho haya mawili ya Mtume (S.A.W.) tumezoea kuyasikia kitandani pa mgonjwa, kama maneno ya kumpoza. Lakini tukiyatazama vizuri, la kwanza linamdai mtu afanye kazi ya kutafuta, na la pili halimzungumzii mgonjwa mmoja, bali mji mzima.

Wanafunzi wa udaktari wa zama zetu hupelekwa mitaani na vijijini kujifunza afya ya jamii: maji watu wanayokunywa, vyoo wanavyotumia, chanjo za watoto, chakula cha mama mjamzito. Wapo miongoni mwao wanaoona kwamba huko ni kupoteza muda kabla ya kuanza kazi yenyewe. Na sisi wazazi tunachangia kosa hilo, kwani tunajivunia zaidi mtoto atakayekuwa bingwa wa moyo au wa macho kuliko yule atakayeshughulika na visima. Kwa ajili hiyo tumeona Ijumaa hii tueleze maisha ya tabibu mkubwa, ambaye ubingwa wake wote uliota katika hospitali ya watu wote.

Huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Al-Razi. Alizaliwa mwaka 251 Hijria, sawa na mwaka 865, katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yako pembezoni mwa jiji la Tehran nchini Iran. Kutokana na jina la mji huo ndipo akaitwa Al-Razi. Kuhusu ujana wake waandishi wamehitilafiana. Wengine wanasema alikuwa mbadilisha fedha, wengine wanasema alikuwa akipiga udi na kuimba, na karibu wote wanakubaliana kwamba alishughulika na kemia kabla ya tiba. Udaktari aliuingia ukubwani, umri ambao wenzake wengi walikwisha kuwa na wanafunzi wao wenyewe. Husimuliwa kwamba alianza kwa kumzoea mzee mmoja mtengeneza dawa hospitalini, akawa anamuuliza asili ya kila dawa na nani aliyeigundua. Ikiwa habari hii ni sahihi, basi mlango wake wa kwanza katika elimu ya tiba ulikuwa ghala la dawa la hospitali, wala hakuanzia baraza la mfalme.

Kabla hatujaendelea, tuseme neno moja kwa uwazi. Katika mambo ya falsafa na itikadi Al-Razi alishutumiwa na wanazuoni wengi. Hata Abu Rayhan Al-Biruni, aliyeandika orodha ya vitabu vyake na kuhesabu zaidi ya 180, hakumnyamazia katika hayo. Hatukukusudia kuingia katika mjadala huo leo, wala hatutampamba mtu kwa sifa asizokuwa nazo. Tunazungumzia kazi yake ya tiba, ambayo Waislamu na wasiokuwa Waislamu wameishuhudia.

Al-Razi alikuwa mkuu wa hospitali ya kwao Rayy, kisha akawa mkuu wa hospitali Baghdad. Hospitali ya zama hizo, iliyoitwa bimaristani, ilikuwa ni mahali pa mgonjwa kulazwa, kulishwa, kuangaliwa na kupewa dawa, na maskini walikuwa na haki humo. Tajiri aliletewa tabibu nyumbani kwake. Kwa hiyo tabibu aliyefanya kazi bimaristani aliwaona watu ambao tabibu wa majumba ya wakubwa hakuwaona: wachukuzi, wasafiri waliougulia njiani, na wengine wasiokuwa na jamaa wa kuwauguza.

Ibn Al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika katika karne ya 10, ametuhifadhia sura ya darsa ya Al-Razi kutokana na maelezo ya mzee mmoja wa Rayy. Sheikh huyu mwenye kichwa kikubwa alikuwa akikaa, na mbele yake wakikaa wanafunzi wake, mbele yao wanafunzi wa wanafunzi wake, kisha wengine mbele ya hao. Mgonjwa alipoingia alianza kueleza shida yake kwa hao wa safu ya nje kabisa. Wakiwa na elimu ya maradhi hayo walimtibu. Wakishindwa alipelekwa kwa safu ya pili, na hao wakishindwa alipelekwa ya tatu. Mambo yakiwa mazito kwa wote, hapo ndipo Al-Razi mwenyewe aliposema.

Tuutafakari utaratibu huo. Mwanafunzi mchanga ndiye aliyeanza kumsikiliza mgonjwa, kila siku, mgonjwa baada ya mgonjwa. Alilazimika kusema anachokiona mbele ya wakubwa zake, na akikosea kosa lake lilisahihishwa pale pale, kabla halijamdhuru mtu. Maradhi ya kawaida aliyazoea mpaka akayajua kama anavyojua njia ya kwao, na yale yasiyo ya kawaida alikaa akasikia jinsi mwalimu wake anavyoyafikiri. Al-Razi alishikilia kwamba mwenye kutaka kuwa tabibu na ausome urithi wa waliotangulia, kisha akae katika mji mkubwa wenye wagonjwa wengi na matabibu hodari, na azitembelee hospitali. Aliyesoma vitabu bila ya kuwaona wagonjwa hakumtosheleza. Na aliyewaona wagonjwa bila ya kusoma naye alimhesabu kuwa na upungufu.

Ipo hadithi mashuhuri kwamba alipotakiwa achague mahali pa kujenga hospitali mjini Baghdad, aliamuru vipande vya nyama vitundikwe katika pande mbalimbali za mji. Baada ya muda alizunguka akivitazama, na pale nyama ilipochelewa kuoza ndipo alipoona panafaa, kwa kuwa hewa yake ni safi zaidi. Tunaisimulia kwa tahadhari. Waandishi wameiunganisha na hospitali ya Adhud Al-Dawla, na hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 982, zaidi ya miaka 50 baada ya Al-Razi kufariki. Huenda kisa ni cha hospitali nyingine iliyotangulia, huenda watu wamekipamba. Lakini watu hawampambi mtu kwa jambo lisilofanana naye. Walimkumbuka kuwa ni tabibu aliyeuchunguza mji kabla ya kumlaza mgonjwa.

Wala hakuwa peke yake katika mwelekeo huo. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 10, Baghdad ilikuwa na waziri aliyeitwa Ali bin Isa. Huyu alimwandikia mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit, kwamba magereza yamejaa watu, mahali pao ni pabaya, na bila shaka wanapatwa na maradhi. Basi wapelekwe matabibu wa kuwaona kila siku, pamoja na dawa na vinywaji. Kisha akamwagiza apeleke matabibu na ghala la dawa lenye kuhamahama katika vijiji vya Iraq visivyokuwa na tabibu, wakae katika kila kijiji kwa kadiri ya haja. Walipofika katika vijiji ambavyo wakazi wake wengi walikuwa Mayahudi, Sinan aliuliza afanyeje, naye waziri akaagiza kwamba Waislamu watangulizwe, kisha na wengine watibiwe, na hata wanyama wasiachwe. Basi hiyo ndiyo zama aliyofanyia kazi Al-Razi.

Turudi kwake. Vitabu vya tiba vya wakati ule vilitegemea sana maandiko ya Jalinus, tabibu wa Kiyunani aliyeishi karne saba kabla. Al-Razi alimheshimu Jalinus kama mwanafunzi anavyomheshimu mwalimu wake, na pamoja na hayo akaandika kitabu kizima cha kumtilia shaka. Aliyapata wapi mashaka hayo? Sehemu yake aliyapata wodini. Jalinus alieleza jinsi homa inavyoanza, inavyopanda na inavyokatika. Naye Al-Razi, aliyeona homa nyingi katika hospitali za Rayy na Baghdad, alikuta kwamba wagonjwa waliokwenda kinyume na maelezo hayo walikuwa wengi kama wale waliokwenda sawa nayo. Tabibu wa majumbani angeona mgonjwa mmoja wa namna hiyo akamlaumu mgonjwa. Yeye aliona mamia, akakirudia kitabu.

Jambo lingine lililotoka humo linawashangaza madaktari mpaka leo. Katika ugonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo, ambao siku hizi tungeuweka karibu na homa ya uti wa mgongo, matabibu wa kale walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu. Al-Razi ameandika kwamba alipoziona dalili zake za mwanzo, kundi moja aliwatoa damu na kundi jingine akaliacha kwa makusudi, ili aone tofauti, na kwa maelezo yake waliotolewa damu ndio waliosalimika. Leo hakuna daktari anayetibu ugonjwa huo kwa kutoa damu, na huko kuwaacha watu kwa makusudi bila ya wao kujua kusingepita mbele ya kamati yoyote ya utafiti. Sisi wenyewe jambo hili linatutia uzito. Hata hivyo, fikra ya kulilinganisha kundi na kundi isingemjia mtu aliyezoea kumtibu tajiri mmoja mmoja.

Na je, kuwaangalia watu wengi kulimfanya amsahau mgonjwa mmoja? Katika maandiko yake kipo kisa cha mtu anayeitwa Abdallah bin Sawada. Mtu huyu alipatwa na homa zisizo na mpango: mara zinakuja kila siku, mara baada ya siku kadhaa, zikitanguliwa na baridi kidogo, na alikuwa akikojoa mara kwa mara. Al-Razi alisema kwamba ama hizi zitageuka kuwa homa ya vipindi inayojulikana, ama kuna jipu katika figo. Haukupita muda usaha ukatoka katika mkojo. Alimpa dawa za kusafisha njia ya mkojo hadi usaha ukaisha, na homa haikurudi. Kisha, katika karatasi aliyokuwa akijiandikia mwenyewe, Al-Razi aliandika upungufu wake. Mgonjwa alikuwa akihisi uzito kiunoni kila anaposimama, kama kitu kinachoning'inia, lakini hakumwambia; naye tabibu alisahau kumuuliza. Kwa kuwa mtu huyo aliwahi kuugua homa za vipindi, fikra zilikwenda huko huko.

Nani kati yetu hajakiona kisa hiki nyumbani kwake? Mtoto anachemka, na kwa kuwa malaria ni nyingi mtaani kwetu, kila homa inaitwa malaria. Dawa inanunuliwa dukani, siku tatu zinapita, na kumbe tatizo ni mkojo, au kifua, au sikio. Kujua kwamba maradhi fulani yameenea mtaani ni elimu, na daktari anaihitaji. Lakini elimu hiyo hiyo humfumba macho asipouliza swali moja zaidi. Al-Razi aliuona mtego huo miaka zaidi ya 1,100 iliyopita, akauandika ili wanafunzi wake wasinaswe.

Kitabu chake kilichomtangaza kuliko vyote ni kidogo kwa kurasa, nacho kinahusu ndui na surua. Kabla yake maradhi haya mawili yalichanganywa. Yeye alieleza dalili za kila moja: maumivu ya mgongo huwa makali zaidi kwa mwenye ndui, na kichefuchefu na wahaka huwa zaidi kwa mwenye surua. Alieleza pua kuwasha, usingizi wa kushtukashtuka, na upele unavyotokea. Katika chanzo cha ndui alikosea, kwani alidhani kwamba ni damu ya mtoto inayochemka na kupevuka kama maji ya zabibu yanavyochachuka. Vijidudu havikujulikana. Lakini tazama alivyomuuguza mgonjwa: alihimiza macho yaangaliwe mapema, yatiwe maji ya waridi mara kwa mara, kwa sababu aliwajua walionusurika na ndui wakabaki vipofu. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Venice mwaka 1498, na bado kilikuwa kikitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1848.

Ndui yenyewe ilikuja kwisha katika mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Benadir, Oktoba mwaka 1977. Alipanda gari lililokuwa na watoto wawili wagonjwa ili amwonyeshe dereva njia, na safari hiyo fupi ilitosha. Homa ilipomshika alidhaniwa ana malaria. Upele ulipotoka ikasemwa ni tetekuwanga. Ugonjwa ulipobainika, wote waliokaribiana naye walitafutwa, wakachanjwa na kuangaliwa, na hakuna aliyeupata kutoka kwake. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetoweka. Maalin alipona, na baadaye akajitolea kuwahimiza wazazi wa Somalia wawachanje watoto dhidi ya polio, akieleza kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo, kwa malaria.

Tumetoka kidogo nje ya Rayy, lakini njia ni moja. Al-Razi alifikiri pia juu ya mtu ambaye hatafika hospitali kabisa. Alimwandikia Mansur bin Is-haq, mtawala wa Rayy, kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu ya kuhifadhi afya na sehemu ya wasafiri. Kisha akaandika kingine kwa ajili ya asiyekuwa na tabibu karibu yake, na humo akataja vyakula na dawa zinazopatikana sokoni na jikoni, ambazo maskini anaweza kuzinunua. Aliandika vilevile juu ya sababu zinazowafanya watu wamwache tabibu mjuzi na kumkimbilia laghai, na akakiri kwamba hata tabibu mjuzi hawezi kuponya kila ugonjwa. Mwanafunzi wake mmoja alipokuwa akienda kumtumikia mtawala, alimwandikia waraka wa adabu za kazi: atunze siri za watu, asijivune, asilewe, na amtibu fakiri kama anavyomtibu tajiri.

Mwenyewe alitekeleza aliyoyaandika. Mzee yule wa Rayy alisimulia kwamba alikuwa mkarimu, mwenye huruma kwa mafukara na wagonjwa, na kwamba aliwapangia posho na kuwauguza. Alisimulia pia kwamba hakuna aliyemwingilia ila alimkuta ananakili au anaandika. Macho yake yalikuwa na majimaji daima, na mzee huyo alidai kwamba ni kwa sababu ya kula sana kunde, jambo ambalo hatuna haja ya kulishikilia. Mwishoni mwa umri wake alipofuka. Husimuliwa kwamba aliletewa mtaalamu wa kumpasua macho, naye akamuuliza jicho lina matabaka mangapi. Yule mtu hakujua, na Al-Razi akakataa asimguse. Wengine wanasema alikataa kwa kuwa ameuona ulimwengu vya kutosha. Tukiyaweka pamoja na maisha yake, hilo la kwanza ndilo linalofanana zaidi na mwalimu wa safu zile.

Alifariki mjini Rayy katika mwezi wa Shaaban mwaka 313 Hijria, sawa na mwaka 925. Aliacha marundo ya karatasi alizokuwa akiziandika kwa miaka mingi: yale aliyoyasoma kwa Wayunani, Wahindi, Washami na Waarabu kuhusu kila ugonjwa, na pembeni yake yale aliyoyaona wodini. Karatasi zilibaki kwa dada yake. Waziri Ibn Al-Amid alimlipa dada huyo fedha nyingi, akazichukua, kisha akawakusanya wanafunzi wa Al-Razi waliokuwa Rayy ili wazipange. Kikatoka kitabu kinachoitwa Al-Hawi, kikubwa kiasi kwamba katika karne hiyo hiyo tabibu mwingine, Ali bin Abbas Al-Majusi, alisema anawajua watu wawili tu wenye nakala yake. Mwaka 1279 kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Sicily na Myahudi aitwaye Faraj bin Salim, na mwaka 1486 kikapigwa chapa Brescia, nchini Italia.

Katika karatasi hizo, Al-Razi alikuwa akiandika kwanza kauli za wakubwa waliomtangulia, kila moja kwa jina la mwenyewe. Alipofika kwenye jambo aliloliona yeye kwa mgonjwa wake, alitanguliza neno moja dogo la Kiarabu, li, maana yake ni langu hili, ili anayesoma asije akambebesha Jalinus kosa lisilokuwa lake. Wanafunzi walipozipanga karatasi waliliacha neno hilo mahali pake, na limo humo mpaka leo.